Tarehe bado miezi saba, kahawa imeshakufa: hizi kapsuli tunauziwa nini hasa?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, na kikombe kipo mbele yangu kimejaa kwa sababu hakinyweki. Ni maji ya rangi ya kahawia yenye harufu ya boksi lililoloa.

Kisa kiko hivi. Miezi miwili iliyopita nilinunua kapsuli 100 za kahawa kwa mpigo, vile vikopo vidogo vya unga unavyochomeka kwenye mashine ya kahawa, zile zinazonadiwa kwamba zinaoza zenyewe kwenye mboji. Zilikuja kwenye mifuko miwili ya foili, hamsini hamsini. Nikaangalia tarehe kwenye boksi, nikakuta bado miezi tisa. Nikajiambia hapa nimetulia. Na kwa vile nilinunua nyingi nikapewa zawadi, rafu ya waya inayozunguka, ya kupangia kapsuli. Nzuri, sikatai. Picha kwenye boksi lake ilionyesha imekaa bega kwa bega na mashine. Nami nikatii. Nikapasua mfuko wa kwanza, nikazichomeka moja moja, zikawa zinazunguka kama bembea pembeni ya mashine inayopumua mvuke asubuhi.

Wiki ya kwanza kahawa ilikuwa kahawa. Povu zito, ukimwaga sukari inakaa juu kwanza ndipo izame. Kufika wiki ya nne povu limekuwa jembamba, limepauka, linaachana katikati kabla sijapata kijiko. Wiki ya saba halipo kabisa. Nikailaumu mashine. Nikaitoa chokaa, nikabadilisha maji, nikaisugua hadi kwenye sindano ya kutobolea. Maskini mashine, haikuwa na kosa lolote.

Jana ndipo nilipokumbuka kwamba mfuko wa pili bado umefungwa. Nikatoa kapsuli moja humo, na nyingine nikaichomoa kwenye rafu. Nikachukua mkasi, nikazikata zote mbili na kumwaga unga kwenye visahani viwili. Ile ya mfukoni harufu ilinifikia kabla sijainama. Ile ya kwenye rafu ilibidi nipeleke pua mpaka karibu niipalie, na nilichokikuta ni karatasi na mafuta ya karanga yaliyochacha. Tarehe ya mwisho ni moja. Namba ya toleo ni moja. Kilichozitofautisha ni mfuko tu.

Nikawapigia simu waliouza. Jibu la dada aliyepokea, nalinukuu jinsi lilivyo: "Ndugu mteja, bidhaa yako haijafikia tarehe ya mwisho, kwa hiyo iko salama." Nikamwambia: dada, mimi sijasema nimeumwa tumbo. Sijasema ni sumu. Nasema haina ladha! Akarudia: "Iko salama, ndugu mteja." Najua iko salama. Kahawa iliyokaangwa ni kavu, ukiitunza mahali pakavu haioti ukungu. Ndiyo maana wanaandika "bora kutumika kabla ya", hawaandiki kwamba siku ikifika inageuka sumu. Tarehe ile ni ahadi ya ladha. Sasa ninapolalamika kuhusu ladha, kwa nini nijibiwe habari za usalama? Hili ni changa la macho.

Akaniongezea na ushauri: "Jaribu kuziweka kwenye friji." Nikakaribia kukata simu. Kapsuli inayopitisha hewa ukiiweka kwenye friji itanyonya unyevu na harufu ya kila kilichomo, kitunguu na samaki ukipenda. Na kila unapoitoa kwenye baridi kuja kwenye joto inatoka jasho. Huyu ndiye mtaalamu wa wateja.

Nimekesha nikisoma na kupekua maboksi, na sasa najua nilivyopigwa. Kahawa ikishakaangwa inabaki na hewa ya ukaa ndani yake, na hiyo ndiyo inayotengeneza lile povu maji yakipita kwa nguvu. Ikisagwa, hewa hiyo inatoka mbio na oksijeni inaingia kuchachusha mafuta. Punje nzima ina uvumilivu kidogo. Unga hauna. Na kapsuli ndogo ya espresso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, ina gramu 5 au 6 tu za unga, tena umesagwa laini, kwa hiyo ukuta wake ukipitisha hewa kidogo tu kwisha habari. Uhai wote wa kapsuli uko kwenye kufungwa. Wanaifukuza oksijeni kwa nitrojeni wakati wa kujaza, halafu wanaziba. Kapsuli ya alumini iliyozibwa vizuri haipitishi hewa, mwanga wala unyevu, kwa hiyo hata ukiipanga uchi kwenye rafu inavumilia ilimradi usiichome kwa joto. Zile za plastiki nyingi huwekewa utando wa kuzuia oksijeni katikati ya ukuta. Lakini plastiki ya mimea inayotumika kwenye nyingi za hizi za kuoza ni dhaifu kwa kazi hiyo. Zipo zilizoongezewa utando, zangu hazimo. Kwa hizi zangu kinga ni ule mfuko wa foili. Ukishaupasua, kapsuli yako ni kama unga ulioachwa kwenye bakuli lenye kitambaa juu.

Kwa hiyo ile miezi tisa ilikuwa ya mfuko. Haikuwa ya kapsuli. Je, nimeambiwa? Nimeambiwa, ndiyo! Nimekuta leo. Kwenye mfuko wa pili, chini ya ukingo uliogundishwa, kuna maandishi madogo kama miguu ya sisimizi: "Baada ya kufungua, funga vizuri na utumie ndani ya wiki 3." Mstari wa kuchania unapita katikati ya sentensi hiyo. Yaani ukifungua mfuko pale wanapokuelekeza ufungulie, unaichana sentensi vipande viwili na nusu yake inakwenda na takataka. Nimekilaza mezani kile kipande cha mfuko wa kwanza, kimeandikwa "Baada ya kufungua, fu". Basi.

Halafu mtu huyohuyo aliyeficha maandishi hayo ndiye anayenipa rafu ya kuzitoa kwenye mfuko na kuzipanga kwenye joto! Kapsuli 50 kwa wiki 3 ni zaidi ya mbili kwa siku. Mimi nakunywa moja, na siku nyingine sinywi kabisa. Hesabu hiyo wanaijua kabla sijalipa.

Na hiyo tarehe yenyewe, mnaionaje? Iko kwenye boksi peke yake. Boksi likishatupwa, kapsuli haina cha kukuambia zaidi ya namba za kiwandani ambazo mnunuzi hazimhusu. Tena imeandikwa 08/05, na ile miezi tisa nilikisia tu, maana sijui ni tarehe nane mwezi wa tano au tarehe tano mwezi wa nane. Siku ya kukaanga haipo popote. Ukiona "imebaki miezi miwili" jua kahawa hiyo imezeeka mle ndani, kwa sababu nyingi hupewa mwaka mmoja hivi au zaidi tangu kufungashwa. Ndizo hizo zinazouzwa nunua tatu upate moja.

Kuna mdau atakuja kusema nilipaswa kununua za alumini. Sawa mkuu, lakini nilitaka kupunguza takataka, na hilo si kosa la kuadhibiwa. Wangeniambia tu: hizi usizifungue zote, mfuko uubane na klipu, uweke kabatini mbali na jiko na mashine. Nisingekuwa hapa. Na wenye kapsuli za maziwa na chokoleti, hamisheni macho yenu huko haraka, maana mafuta ya maziwa yakichacha si suala la harufu ya boksi tena.

Hata alumini ikaguliwe, msilale. Mimi siku hizi nabonyeza kifuniko kwa kidole gumba. Kilichotuna na kukaza kama ngozi ya ngoma hunipa moyo, kwa sababu hewa ya kahawa bado iko ndani. Kilicholegea na kubonyea, au chenye kikovu pembeni, nakiweka kando.

Ninachodai ni kidogo. Warudishe hela za mfuko nilioufungua, au wanibadilishie. Waandike muda wa baada ya kufungua palepale ilipo tarehe kubwa, kwa herufi zilezile kubwa. Na ile picha ya rafu pembeni ya mashine waifute. Kama kuna aliyewahi kurudishiwa hela kwa jambo hili, aniambie alitumia maneno gani, kwa sababu mimi ya ustaarabu yameniishia.

NYONGEZA: Wamenijibu kwa barua pepe jioni hii. Wanasikitika kwa usumbufu. Hela hazirudi, ila kwa kuthamini uaminifu wangu wananipa punguzo la asilimia 10 nikinunua rafu kubwa, ya kapsuli 80.