Nafunga, nakesha, lakini nikiomba naona kama naongea na dari. Naombeni ushauri

Msafiri wa Temboni
Habari za jioni wakuu. Mimi ni kijana wa miaka 34, Mkristo, naishi Kimara Temboni, nauza vifaa vya umeme Kariakoo, duka la mtu. Tangu Kwaresima ianze nimeamua kumtafuta Mungu kwa nguvu. Nafunga kavu mpaka saa kumi na mbili jioni kila siku, Ijumaa nakesha, saa kumi alfajiri naamka nasoma Neno kabla ya kwenda kugombania mwendokasi. Mwaka jana nilikuwa nikipiga magoti tu machozi yanatoka yenyewe. Sasa hivi kimya. Naangalia feni, nahesabu misumari ya dari, nasema amina, nalala.
Nafikiria niache kazi nipande mlimani siku 40 mpaka nisikie sauti. Waliopitia hali hii mlitokaje? Matusi hapana tafadhali.

Kobe wa Manzese
Nimewahi siti ya dirishani.

Mama Wawili Tabata
Pole mdogo wangu. Mume wangu naye aliwahi kupanda huko mlimani kwa siku 40, akaniacha na mtoto wa miezi minne na mtungi wa gesi umeisha. Siku ya 11 karudi na malaria. Namuuliza umesikia nini, ananiambia "mbu". Hela ya gesi nilikopa kwa jirani, na mpaka leo yule dada ni kama ndugu yangu, ndiye aliyenisimamia hata msiba wa baba. Kazi usiache.

Mlei Mkorofi
Ukavu wa sala si ugonjwa. Mama Teresa wa Calcutta alifariki 1997, barua zake zilipotolewa 2007 watu wakashangaa: karibu miaka 50 hakuwa anahisi uwepo wa Mungu, na kila asubuhi alikuwa kanisani. Soma Zaburi ya 88, inaishia gizani kabisa, hakuna haleluya ya kumalizia. Mimi nikikauka nakwenda hija Pugu, pale Wabenediktini walipoanzia 1888, natembea Njia ya Msalaba. Kuna siku narudi na amani, kuna siku narudi na vumbi tu.
Halafu nikurekebishe: toka Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu ni siku 46. Jumapili hazimo kwenye hizo 40, hazifungwi. Nani kakufundisha kufunga kila siku?

Kiti Cha Nyuma
Kufunga kavu kwa joto hili la Dar halafu unasimama dukani Kariakoo mchana kutwa. Sauti utaisikia mkuu, ila itakuwa ya nesi.

Binti wa Ilala
Mimi Muislamu, napita tu. Lakini kaka, umesema mwaka jana machozi yalikuwepo. Yalikata lini hasa? Kulitokea nini?

Msafiri wa Temboni
Dada, hakuna kilichotokea. Labda tangu Januari. Mwezi huo nilijitoa kwaya, ila hayo hayahusiani, mle ndani kuna wivu sana.

Mama Wawili Tabata
Kwenye kwaya ulikuwa nani?

Msafiri wa Temboni
Mwimbaji wa kawaida. Sauti ya nne.

Mama Wawili Tabata
Mdogo wangu, nimekaa kwaya muda mrefu. Cheo?

Msafiri wa Temboni
Mhazini.

Kobe wa Manzese
Aaaah. Nahamia siti ya mbele, jirani na dereva.

Msafiri wa Temboni
Sikutaka kuyaandika haya kwa sababu najua mtaanza kuhukumu. Tulichanga hela ya sare za Pasaka, watu 31, kila mmoja 60,000. Zilikuwa kwangu. Desemba rafiki alinipeleka kwenye huduma moja, mtumishi akasema kuna watu humu wamekalia mbegu zao, apandaye leo ndani ya siku 21 atavuna mara mbili. Nikaenda kwa wakala, nikatoa, nikapeleka madhabahuni. Nia yangu ilikuwa njema, ikirudi mara mbili kwaya inapata sare na spika mpya juu. Sikula hata senti. Nilimpa Mungu.
Siku 21 zimepita mara kadhaa. Ndiyo maana nasema shida yangu ni ya kiroho, pengine imani yangu ilipungua. Na usharikani barua ya kuhama nimeshachukua, kwa hiyo msinishauri nirudi kule.

Mhasibu Mstaafu
31 mara 60,000 ni 1,860,000. Ulipeleka yote?

Msafiri wa Temboni
1,400,000.

Mhasibu Mstaafu
460,000 iko wapi?

Msafiri wa Temboni
Kodi. Miezi mitatu, laki na nusu kwa mwezi. Kumi iliyobaki nauli. Mwenye nyumba alikuwa amekaa mlangoni, mngefanyaje?

Binti wa Ilala
Hiyo ilikuwa amana kaka. Kwetu mtu akikuwekea amana hata funguo ya kabati, huihamishi bila kumwambia. Wewe umemtolea Mungu hela ya shangazi zako.

Mwana wa Mchungaji
Biblia unayoisoma saa kumi alfajiri umeifikisha wapi? Mathayo 5:23-24: ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka hapo hapo, nenda kapatane kwanza. Isaya 58 yote ni watu waliokuwa wanafunga na kulalamika Mungu haoni, kama wewe. Walawi 6 inataka urudishe chote na uongeze sehemu ya tano. Zakayo akasema mara nne. Baba yangu alifukuza mhazini mmoja kwa laki mbili, na yule mzee mpaka leo anakaa benchi la mwisho na hasalimiani na mtu. Mimi niliona baba alikosea. Angempa nafasi ya kulipa.

Kobe wa Manzese
Nimepiga hesabu. Kwa Musa unadaiwa 2,232,000. Kwa Zakayo 7,440,000. Mkuu, baki Agano la Kale.

Fundi Mbagala
Nashona majoho ya kwaya. Vitambaa mlikwisha kata au bado? Rangi gani?

Msafiri wa Temboni
Bado. Vipimo tu vilichukuliwa. Zambarau, kola nyeupe.

Jicho la Kipanga
HII NI CHAI, tena ya rangi. Pasaka ni nyeupe! Zambarau ni Kwaresima, mtoto wa kipaimara anajua. Isitoshe nimeingia kwenye wasifu wake: juzi saa saba mchana alikuwa uzi wa kitimoto anabishana kama ndizi zichomwe au zikaangwe. Huyu anafunga kavu? Subirini, uzi ukifika ukurasa wa tatu atatokea mwenzake na namba ya mtumishi.

Kiti Cha Nyuma
Hahaha mfungo wa ndizi za kukaanga.

Mlei Mkorofi
Nilianza kutilia shaka kwenye zile Jumapili.

Mama Wawili Tabata
Na mimi nimeshamwaga siri za mume wangu humu!

Msafiri wa Temboni
Kubishana kuhusu ndizi si kula ndizi. Nilikuwa na njaa, nilikuwa nasoma tu.
Rangi: nyeupe ndiyo hutandikwa altareni, sawa. Sare ni za wanakwaya. Mwenyekiti wetu anapenda zambarau, tulibishana mazoezi mawili, kina mama wakashinda kwa sababu nyeupe inashika vumbi la barabara yetu. Daftari la michango ninalo hapa, nililificha juu ya kabati, nimelishusha. Ukurasa wa mwisho fundi kaandika vipimo kwa kalamu ya kijani: wanawake mita nne, wanaume tatu na nusu. Mama mmoja wa sauti ya kwanza ana mistari miwili, kiuno cha sasa na "baada ya kujifungua". Yeye alilipa kwa elfu tano tano, mara 12. Zote nimeziwekea sahihi mimi.

Binti wa Ilala
Ameshajifungua?

Msafiri wa Temboni
Sijui. Januari sikwenda tena.

Jicho la Kipanga
Mimi bado nasema chai. Ila imetiwa tangawizi.

Fundi Mbagala
Mimi namwamini, mstari wa "baada ya kujifungua" hauandikwi na mtu wa kutunga. Kijana, zimebaki wiki tatu. Fundi akipewa hata nusu ataanza kukata, sisi tumezoea makanisa. Kuna kwaya nilishonea Pasaka wakamaliza kunilipa Pentekoste. Lakini mwenyekiti lazima aambiwe leo, zambarau nzuri Kariakoo zinakwisha.

Msafiri wa Temboni
Mshahara wangu ni 380,000. Nikipiga simu nianzie wapi?

Mhasibu Mstaafu
Anzia kwenye 460,000.

Mama Wawili Tabata
Anza na shikamoo.

Msafiri wa Temboni
Nimempigia nikakata kabla haijaita. Yeye ndiye anapiga sasa. Ngoja nitoke nje, humu ndani mtandao unasumbua.

Kobe wa Manzese
Tupo. Nimenunua na karanga.