Naomba ushauri: bimkubwa hataki kusikia habari za gemu

Wakuu, naombeni ushauri. Nipo chuo, likizo narudi nyumbani. Bimkubwa akinikuta nimeshika pedi ya gemu anaanza: "Wenzako wanatafuta hela, wewe unakimbiza katuni!" Kwake gemu, kubeti na dubwi ni kitu kimoja. Juzi kaificha waya ya PlayStation kabatini, nyuma ya mahotpoti ya wageni.

Sasa kapata silaha mpya. Kasikia redioni kwamba Shirika la Afya Duniani linahesabu uraibu wa gemu kuwa ugonjwa. Ni kweli, umo kwenye orodha yao iliyoanza kutumika 2022. Ila wanamlenga mtu aliyeshindwa kujizuia mpaka maisha yake yakavurugika, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Mimi nacheza lisaa limoja usiku, vyombo nimeshaosha, na chuo sina sapu (mtihani wa kurudia).

Nikimweleza hivyo anaona namjibu. (Mzee hana neno, mradi nisimzibie taarifa ya habari.)

Nimwelewesheje bila kuonekana nimemkosea adabu? Nipitie kwa mjomba, au nimkalishe aone mwenyewe? Wenye watoto wakubwa hasa naombeni mawazo yenu: hapo kinachowatisha ni nini?