Cidade de Deus: nimruhusu kijana wa miaka 14 aitazame?

BabaJunior: Wakuu, jana usiku niliitazama peke yangu ile filamu ya Kibrazili ya mwaka 2002. Mwanangu ananisumbua, ati rafiki zake wote wameshaiona. Mwanzo nilicheka: kuku kakata kamba, genge zima linamkimbiza na bastola mikononi. Kicheko kikakatika palipofika vile vitoto viwili vilivyobanwa ukutani, vinaulizwa vinataka risasi ya mkono au ya mguu. Nikasimamisha, nikaenda jikoni kunywa maji. Nimruhusu?

Shangazi_T: Hapana, kaka. Mtoto anayelia vile si mwigizaji tuliyemzoea. Mimi niliota siku mbili.

MpendaSinema: Waigizaji wengi walitoka favela, yaani mitaa ya mabanda, za Rio kwelikweli, wakafundishwa kuigiza kwenye warsha kabla ya kamera kuwashwa. Na mtaa wenyewe wa Cidade de Deus ulijengwa na serikali miaka ya 1960 kuhamishia watu wa mabandani, mbali na mji. Mwambie hilo kwanza, halafu kaa naye. Akiiona kwa simu chini ya shuka atamshangilia Zé Pequeno, yule mkuu wa genge, na Buscapé, yule kijana mwenye kamera, hatamkumbuka.

Kijana_wa_Kibera: Meirelles huyohuyo aliyeiongoza alikuja kwetu kupiga filamu ya The Constant Gardener, ikatoka 2005.

BabaJunior: Shangazi, nimekusikia. Ila ataiona tu, namjua. Jumamosi tutakaa wote, rimoti mkononi mwangu, na ile ya ukutani naipeleka mbele. Mama yake bado sijamwambia.