Wajukuu wa Bibi, Muheza

06:12 Zuhura: Shikamoo Bibi, shikamooni wakubwa wote. Yule kuku wetu kishingo, asiye na manyoya shingoni, leo anatimiza siku ya 21 ya kuatamia. Nimeamka alfajiri nikasikia milio chini yake! Wameshatoka 4. Manyoya kayatimua, hataki mtu asogee.

06:15 Shangazi Tanga: Marahaba mwanangu. Mashallah! Usimnyanyue, mchungulie kwa pembeni tu. Bibi yuko jikoni hapa, nimemwambia, amefurahi mno.

06:20 Hamisi: Mayai si yalikuwa 12?

06:23 Zuhura: 12 kaka. Siku ya 7 nilimulika kwa tochi usiku, 2 yalikuwa meupe ndani, hayana hata mshipa, nikayatoa. Yakabaki 10.

07:50 Zuhura: Shangazi, kuna yai moja lilitoboka tangu jana magharibi. Tundu kama punje ya mtama. Ncha ya mdomo naiona inatikisika, lakini hatoki. Wenzake sasa wamefika 6. Nimsaidie kumenya ganda?

07:51 Shangazi Tanga: USIGUSE

07:51 Shangazi Tanga: Subiri, naandika anavyosema Bibi

07:56 Shangazi Tanga: Bibi anasema: "Mwache. Chini ya ganda kuna ngozi nyembamba, ina mishipa ya damu. Ukiibandua kabla ya wakati anavuja damu, unamuua kwa mikono yako. Na kiini bado hakijaisha kuingia tumboni. Huyo anapumzika. Akipata nguvu atazunguka humo ndani akate ganda mwenyewe."

08:02 Baba Mdogo: Ni kweli kabisa. Kutoka tundu la kwanza mpaka kifaranga kutoka inaweza kupita siku nzima. Zuhura, ukimnyanyua mama yake kila saa, joto linapotea na ile ngozi inakauka inamganda mtoto. Funga mlango wa banda nenda kafanye kazi zako.

08:05 Zuhura: Sawa Baba Mdogo. Roho inaniuma tu, analia humo ndani kwa sauti ndogo.

08:06 Shangazi Tanga: Kulia ni kuzuri. Ndiyo wanavyoitana na mama yao.

09:30 Hamisi: Hao waliotoka wamekula nini?

09:34 Baba Mdogo: Hawahitaji kitu leo. Kile kiini kinawashibisha siku 2 hata 3, ndiyo maana mama anatulia kuwasubiri waliochelewa. Kesho Zuhura awape chenga za mahindi zilizosagwa laini na dagaa wa kupondwa. Maji kwenye kisahani kifupi, tia vijiwe ndani wasizame.

09:36 Mama Zuu (jirani): Kunguru mwanangu, kunguru! Mwaka jana wamenimalizia vifaranga 5 asubuhi moja, wanashuka kutoka kwenye huo mwembe wenu. Nina tenga kubwa, nalileta jioni. Wiki za mwanzo mama akae humo na wanawe.

09:38 Zuhura: Ahsante sana Mama. Nitaweka jiwe juu, kicheche naye asilipindue.

09:45 Baba Mdogo: Na chanjo ya mdondo, ule ugonjwa wa kuku (kideri), tusiisahau jamani. Ile ya tone moja jichoni, inarudiwa kila miezi 3. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja. Mama Zuu, tuchange na majirani, tuchanje siku moja mtaa mzima. Mdondo ukiingia kwako unaingia na kwangu.

09:47 Mama Zuu (jirani): Mimi nimo. Namwambia na mama wa duka.

16:41 Zuhura: AMETOKA!!!

16:42 Zuhura: Peke yake! Amelowa chapa, kipande cha ganda kimemganda mgongoni. Mama yake amekidonoa polepole kikabanduka, akamsukumia chini ya bawa. Nimeona kwa macho yangu

16:44 Hamisi: Alhamdulillah. Jumla?

16:46 Zuhura: 8. Bado mayai 2, kimya, hata milio hakuna.

16:49 Baba Mdogo: Yaache mpaka kesho kutwa. Yakibaki hivyo ni viza, yafukie mbali, yasipasukie kwenye kiota.

16:55 Shangazi Tanga: Bibi anauliza: "Mama yao amekunywa maji?"

16:57 Zuhura: Hajatoka kiotani tangu jana Bibi. Ngoja nimsogezee kikombe karibu na mdomo.

17:03 Zuhura: Amekunywa. Mara sita, saba hivi, anainua kichwa anameza. Wote 8 wako chini, hakuna aliyetoka.