Nilitaka kusema hongera, mdomo ukasema pole. Ina maana nina wivu?

Dada Mkubwa (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Nimekuwa msomaji wa kimya muda mrefu, leo imenibidi nijisajili.

Juzi jioni mdogo wangu wa kike alinipigia simu, anahema kwa furaha. Amepata ufadhili wa kwenda kusoma nje, miaka mitatu. Nilijua majibu yanatoka siku hiyo, na tangu asubuhi nilikuwa najiambia: akipata, mshangilie, usionyeshe chochote. Basi nikafungua mdomo nikasema, "Pole sana mdogo wangu." Tena kwa sauti ya upole kabisa, kama namfariji mfiwa. Kimya. Nikajirekebisha, "Hongera, hongera, nimechanganya," lakini lilishatoka.

Mjue kwamba ufadhili huo huo niliuomba mimi miaka miwili iliyopita nikakosa, na yeye anajua. Kesho yake akaniandikia: "Dada, mdomo umesema kilicho moyoni. Bora ungeniambia tu." Tangu hapo hapokei simu.

Kuna kingine sijamwambia mtu. Wakati anaandaa maombi aliniomba nimtumie nakala ya cheti chake, maana vyeti vyote vya nyumbani natunza mimi. Nikasahau. Akanikumbusha, nikasahau tena. Mara ya tatu nikatuma, kumbe nimeambatisha cheti changu. Mimi, ambaye kazi yangu ni kutunza kumbukumbu za watu!

Nimesoma mahali kwamba hakuna kosa la bahati mbaya, kila unapoteleza ni akili ya ndani inajitoboa yenyewe. Kwa hiyo namwonea wivu mtoto niliyemlea na sijijui? Naombeni ushauri. Matusi nayaweza, ila si leo.

Kijiwe Saba

Pole dada. Au niseme hongera? Natania. Ulimi hauna mfupa, wala usijitafutie kesi. Mimi niliwahi kumwambia bosi "nakupenda" mwisho wa simu kwa mazoea ya nyumbani. Hadi leo tunaheshimiana, ingawa simu zangu amezipunguza.

Sauti ya Nyika

Tusidanganyane. Kinywa huyanena yaliyoujaza moyo. Uliomba ukakosa, mdogo wako kapata, cheti umekikalia mara mbili, halafu unampa pole. Mleta uzi majibu unayo, unatafuta wa kukufariji tu.

Mwalimu wa Ngeli

Sauti ya Nyika, punguza mwendo. Mimi nafundisha lugha, na makosa ya ulimi ni vitu ninavyoviokota kama wengine wanavyookota stempu.

Msikilize mtu aliyechoka akikwambia "weka meza kitabuni". Ameficha nini huyo? Hakuna. Maneno mawili yamebadilishana viti, lakini ile *-ni* imebaki palepale ilipopangiwa, haikumfuata "meza". Hiyo inatuonyesha kwamba sentensi hupangwa kwanza kama fremu, maneno yakaingizwa baadaye, na mwingizaji anaweza kuchukua la jirani. Victoria Fromkin, mwanaisimu wa Marekani, aliandika mwaka 1971 kuhusu makosa ya namna hii na kuonyesha kuwa yana utaratibu wake. Kabla yake, mwaka 1895, Rudolf Meringer na Carl Mayer walishachapisha kitabu kizima cha watu waliokosea kusema na kusoma.

Sasa tazama "pole" na "hongera". Zote mbili ni maneno ya kumjibu mtu aliyekuletea habari yake. Zote huja na "sana" nyuma. Zote hutoka bila kufikiri, kama "asante". Kichwani zimekaa rafu moja. Ukichanganya "hongera" na "ndoo" nitashangaa. Ukichanganya na "pole" sishangai hata kidogo.

Mama Watatu

Mwalimu umenipa amani. Mimi kila siku namwita kitinda mimba wangu jina la kaka yake, na siku mbaya zaidi la mbwa. Binti yangu alinionyesha utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wa mwaka 2016, waliuliza watu zaidi ya 1,700 kuhusu kuitana majina yasiyo yao. Wakakuta majina ya ndugu huchanganywa na ya ndugu, ya marafiki na ya marafiki, na mbwa naye anaingia kwenye kundi la familia. Paka hakuwemo! Nimecheka sana.

Lakini mdogo wangu Dada Mkubwa, nikuulize kama mama. Siku hizi unalala saa ngapi?

Sofa na Daftari

Nafanya kazi ya unasihi, kwa hiyo niruhusuni nimtetee mzee ambaye hajatajwa ila wote mnamzunguka. Nadharia aliyoisoma mleta uzi ni ya Sigmund Freud, daktari wa Vienna, kwenye kitabu chake cha mwaka 1901 kuhusu makosa ya maisha ya kila siku: kuteleza ulimi, kusahau majina, kupoteza vitu, kusahau ahadi. Mfano wake maarufu aliuchukua kwa huyo huyo Meringer wa Mwalimu. Ni wa rais wa baraza la chini la bunge la Austria, aliyesimama kufungua kikao akatangaza kwamba kikao kimefungwa. Freud akasema mtu yule hakutarajia jema lolote kwenye kikao hicho, angependa kingeisha. Kufungua na kufunga nazo zimekaa rafu moja, Mwalimu. Swali la Freud lilikuwa: kwa nini siku hiyo mkono ulienda kwenye lile la pili?

Ila kitu ambacho watu wengi huruka ni hiki. Freud hakumpa mtu maana ya kosa lake kama anayesoma ndoto kwenye kamusi. Alimwambia mwenye kosa: niambie kila kinachokujia kichwani kuhusu neno hilo, hata kama ni upuuzi. Maana ilitafutwa hapo, kwa mwenyewe. Mdogo wako amekufasiria neno lako bila kukuuliza, na Sauti ya Nyika hivyo hivyo.

Kwa hiyo naomba ujibu bila kupanga: sekunde ile unasema "pole", uliona nini?

Sauti ya Nyika

Sawa, nimekubali nilikurupuka. Lakini cheti je?

Mwalimu wa Ngeli

Cheti hata mimi kimenigusa, sikatai. Neno moja naliachia ulimi, ahadi mara mbili ni nzito kidogo. Hizo nakala mbili umezihifadhije kwenye kompyuta?

Halafu Sofa, tusimkabidhi Freud kila kitu. Alisahau jina la mchoraji Signorelli, yakamjia Botticelli na Boltraffio. Akajenga maelezo marefu kuhusu kifo na mambo ya kitandani aliyokuwa anajizuia kuyasema. Inawezekana. Lakini Signorelli na Botticelli yote ni majina ya wachoraji Waitalia wa enzi moja, yanaishia kwa *-elli*, na Botticelli ndilo linalojulikana zaidi. Mwitaliano Sebastiano Timpanaro, mtaalamu wa miswada ya kale, aliandika kitabu kizima mwaka 1974 akisema makosa mengi ya Freud ni yale yale ya wanakili wa zamani waliokuwa wanabadili neno geni kwa neno walilolizoea. Wanakili hao hawakuwa wanaficha siri yoyote, walikuwa wanasinzia.

Sofa na Daftari

Mwalimu, mwishoni mwa miaka ya 1970 Michael Motley na Bernard Baars walilijaribu jambo hili Marekani. Waliwapa wanaume jozi za maneno ya kusoma haraka, zilizopangwa ili ulimi uteleze. Kundi moja lilifungwa nyaya na kuambiwa huenda likapigwa shoti. Kundi jingine lilisimamiwa na mwanamke mrembo aliyevaa kimtego. Waliotishiwa shoti wakateleza zaidi kuelekea maneno ya umeme, wenzao kuelekea maneno ya mapenzi. Kwa hiyo mashine ya lugha ndiyo inayoteleza, nakupa hiyo, lakini kilichojaa kichwani kinaweza kuisukuma upande. Na kilichojaa kichwani si lazima kiwe siri. Wale watu walijua wazi kwamba wanaogopa shoti.

Na tazama mleta uzi alichoandika mwenyewe: tangu asubuhi anajiambia "usionyeshe chochote". Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, dubu akawa anarudi. Ukijikataza neno siku nzima, unalinda mlango wake siku nzima. Simu inaita, umechoka, mlinzi anageuka kidogo.

Dada Mkubwa (mleta uzi)

Nimesoma yote, nikaweka simu chini, nikaiokota tena.

Mama Watatu, nalala saa saba usiku, naamka kumi na moja. Baba yetu alipata kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi. Usiku anageuzwa mara mbili. Jumatatu hadi Alhamisi ni mimi, Ijumaa hadi Jumapili ni mdogo wangu.

Mwalimu, nakala ziko folda moja, jina la ukoo limetangulia kwenye zote. Sijui kama hilo linanisaidia. Nilipokuwa nasahau, nilikuwa nasahau na mambo mengine pia, bili, dawa zangu mwenyewe. Lakini hili la cheti nilipolikumbuka usiku kitandani, kuna kitu kilisema "kesho". Hicho siwezi kukisingizia uchovu. Nimeamua nisikisingizie.

Sofa, umeuliza niliona nini. Nilidhani nitasema niliona barua yangu ya kukataliwa. Sikuiona. Niliona kitanda cha baba, siku ya Ijumaa usiku, na mimi bado nipo.

Mama Watatu

Mdogo wangu, basi hiyo pole ulikuwa unajipa mwenyewe. Imepita tu kwenye simu isiyo yake.

Kijiwe Saba

Nafuta utani wangu wa juu. Nguvu kwa mzee.

Sofa na Daftari

Mama Watatu amesema kwa mstari mmoja ninachosema mimi kwa saa nzima. Ingawa nisingemaliza wivu kabisa, na naona mleta uzi mwenyewe hakuumaliza. Mtu anaweza kumfurahia ndugu yake, akamwonea kijicho kidogo na akaogopa kubaki peke yake, vyote kwa pumzi moja. Neno likawa moja tu, ikabidi libebe vyote.

Ushauri wangu wa vitendo: usimpelekee Freud wala Mwalimu. Ukianza na "utafiti unasema" ataona unajitetea. Mwandikie ulichotuandikia sisi, kuanzia kwenye kitanda cha baba. La cheti liseme pia. Akiligundua mwenyewe baadaye, hakuna atakayemweleza kwamba ni folda.

Sauti ya Nyika

Na usimpigie. Andika. Kwa simu utateleza tena.

Dada Mkubwa (mleta uzi)

Mrejesho wakuu. Niliandika, nikaisoma mara nne kabla ya kutuma, nikahakikisha hakuna kiambatisho. (Mnaruhusiwa kucheka.) Nilimwambia yote, na la cheti.

Alikaa saa mbili bila kujibu, halafu akapiga. La cheti limemuuma, hakunificha, na ameniambia atahitaji muda. Kuhusu pole hakusema kitu. Aliuliza tu, "Kwa hiyo Ijumaa atakuwa na nani?" Nikasema sijui. Akasema hata yeye amekuwa akiliwaza tangu ajaze fomu, akaogopa kuniuliza asije akaonekana anataka nimwambie asiende.

Tukaanza kuhesabu: binamu yupi anaweza kuja, siku zipi, nani atamlipa muuguzi wa kutwa. Hatujamaliza. Leo jioni anakuja na daftari.