Moto upi uingie kwenye rejesta? Nyasi za Kidepo zimeimeza Rwenzori

Ramani_Karamoja
Wadau, naandaa rejesta ya moto wa nyika na misitu Uganda kuanzia 2012, data za VIIRS (kihisi cha setilaiti kinachoona moto) zilipoanza. Kigezo ni kimoja tu: hekta 200 kwenda juu. Sasa hifadhi za nyasi za Kidepo na Murchison Falls zimejaza kurasa, milima ya Rwenzori na Elgon imezama humo ndani. Nipandishe kiwango au nishushe? Ukubwa nimeupata kwa kuhesabu nukta za FIRMS (huduma ya NASA inayotoa nukta za moto za VIIRS) mara hekta 14.

Mkaa_Baridi
Tuanze na hiyo hesabu, ndiyo inayokuponza. Pikseli ya VIIRS ni mita 375 kwa 375, kama hekta 14 kweli, lakini nukta inasema tu kwamba humo ndani kulikuwa na moto. Huenda umeungua ukingo mmoja wa shamba. Halafu setilaiti mbili zenye VIIRS, Suomi NPP na NOAA-20, zikiuona moto uleule, unapata nukta mbili. Na nyasi zilizowaka saa tatu asubuhi zikazimika saa tano hazina nukta kabisa, kwa sababu setilaiti hizo hupita kama saa saba na nusu, mchana na usiku.

Nukta zikupe mahali na siku. Eneo lipime kwenye kovu, yaani alama ya palipoungua: picha mbili za setilaiti ya Sentinel-2 zisizo na mawingu, kabla na baada. Kila moja ipigie (B8A − B12) ÷ (B8A + B12), hizo ni bendi zake mbili za infraredi, kisha toa ya baada kwenye ya kabla; penye tofauti kubwa ndipo palipoungua. Usichukue picha ya mwezi mzima baadaye, mvua ikinyesha nyasi huchipua na kovu linafutika. Ya kabla ya 2015 tumia Landsat, ila 2012 kuna Landsat 7 tu, ambayo picha zake zina michirizi isiyo na data.

Nyika_na_Kilele
Usipandishe wala usishushe. Gawanya kwa uoto. Hata Marekani moto huitwa mkubwa kuanzia ekari 100 kwenye miti, lakini ekari 300 kwenye nyasi.

Nyasi za Kidepo kuungua kiangazi ni jambo la kawaida, na sehemu nyingine askari wa hifadhi huzichoma makusudi mapema, zikiwa na ubichi bado, ili moto wa Februari ukose cha kula. Hiyo si ajali. Juu ya mita 3,000 Rwenzori, kwenye vichaka vya erika na udongo wa mboji, mambo ni mengine: moto huingia chini ya ardhi, na uoto wa baridi ile hurudi polepole mno. Sehemu za juu ziliungua Februari 2012. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba, unaoshuka kutoka huko, ukafurika ukauvuruga mji wa Kilembe, na watafiti wakautaja moto ule miongoni mwa vilivyochangia.

Mimi ningeweka: nyika ya nyasi hekta 5,000, au chochote nje ya majira, msitu wa asili 10, misonobari ya kupandwa 5, juu ya mita 3,000, kovu lolote linaloonekana. Palipokufa mtu au kuungua nyumba, ukubwa usiulizwe.

Ramani_Karamoja
Nimekuelewa, mkuu. Nukta kumi kando ya barabara moja, siku moja: moto mmoja au kumi?

Mkaa_Baridi
Makovu yakigusana, mmoja. Yasipogusana, ni mioto tofauti, hata kama aliyewasha ni mtu mmoja.

Angalia na saa. FIRMS huandika UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko saa tatu mbele: nukta ya saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 10 utaikuta tarehe 9, 22:30. Moto wa usiku mmoja unagawanyika hivyo bila wewe kujua. Kwenye data za kumbukumbu kuna safu ya aina: 0 ni uoto, 1 volkano, 2 chanzo kisichohama. Data za papo kwa papo hazina safu hiyo, kwa hiyo ondoa mwenyewe nukta zinazojirudia palepale mwaka mzima, hasa karibu na viwanda vya saruji vya Tororo na Hima.

Nyika_na_Kilele
Nyongeza: usifute mistari iliyokosa vigezo. Iache kwenye jedwali la chini, rejesta iwe kichujio tu, na safu moja iseme moto umeingia kwa kigezo gani. Ule moto wa Rwenzori wa 2012 ulijulikana uzito wake miezi 15 baadaye, Nyamwamba ulipofurika.