TV mpya ya HD inchi 32, picha mbaya kuliko chogo la zamani. Nimepigwa?

MamaKisamvu

Wakuu habari za usiku. Walionizidi shikamooni.

Nina banda la chakula hapa Morogoro, karibu na stendi ya Msamvu. Mchana wali na ugali, jioni supu. Miaka yote nilikuwa na TV ya chogo inchi 21 niliyoachiwa na kaka yangu. Mwezi uliopita umeme ulikatika ukarudi mara tatu ndani ya dakika chache, TV ikatoa harufu, basi, ndiyo ikawa imeenda. Nikaona nijikaze ninunue flat, maana banda la jirani wanayo kubwa, na siku ya Simba na Yanga wateja wangu wananunua chakula kwangu halafu wanaenda kukila kule. Na sahani zangu! Mbili hazijarudi hadi leo.

Nikapanda basi hadi Kariakoo, mtaa wa Aggrey, na 350,000 nimeifunga kwenye kitenge. Nikapata inchi 32, jina la kampuni silijui, kwa 290,000 baada ya kuvutana sana. Boksi limeandikwa FULL HD 1080p kwa herufi za dhahabu. Pale dukani walikuwa wanaonyesha samaki wa baharini, unaona mpaka magamba. Mimi samaki nawajua, nikasema hii ndiyo.

Nimefika nimechomeka zile nyaya tatu, njano, nyeupe na nyekundu, kwenye king'amuzi changu kilekile cha dishi. Jamani. Watangazaji wote wamenenepa, nyuso kama zimepakwa mafuta ya nazi, nyasi za uwanjani ni mlenda mtupu. Halafu nikipunguza mwanga, baada ya muda inajiwasha tena kali na kuandika sifa zake yenyewe chini ya kioo. Muuzaji nimempigia, anasema "mama, tatizo ni king'amuzi." Fundi wa dishi anasema tatizo ni TV. Muuzaji aliniandikia kwenye risiti kwamba naweza kurudisha ndani ya siku saba, na zinaisha Jumamosi. Nirudishe?

KijiweNongwa

Pole mama. Hapo ulitakiwa kuchukua mtumba wa Dubai, kampuni kubwa, kwa hela hiyohiyo ungepata hata inchi 40. Hizo za majina ya ajabu ni boksi tu. Halafu uzipikie supu hizo sahani zilizobaki kabla hazijahama nazo.

FundiRisasi

Nongwa acha. Mtumba wa Dubai nauletewa hapa mezani kila wiki. Kioo kikianza kupiga mistari hakuna fundi, bei ya kioo ni sawa na TV nyingine, na aliyekuuzia alishakuambia "jaribu hapahapa, ukitoka hakuna kurudi."

Mama, usirudishe kwanza. Nijibu mambo mawili. Nyuma ya TV kuna kibandiko chenye namba ya modeli. Sio boksi, kibandiko. Kimeandikwa nini upande wa resolusheni (idadi ya nukta za kioo) na wati? La pili, nyuma ya king'amuzi kuna tundu bapa, pana kama kucha ya dole gumba, limeandikwa HDMI?

MamaKisamvu

Kibandiko kimeandikwa 1366x768 na 50W. Tundu lipo kaka, bado lina kifuniko cha plastiki, hakijawahi kutolewa. Kwa hiyo FULL HD ya dhahabu ni uongo?

FundiRisasi

Ni ujanja wa maneno. Full HD ya kweli kioo chake ni 1920x1080. Chako ni 1366x768, ambacho ni HD ya kawaida. Wanaandika 1080p kwenye boksi kwa sababu TV inaweza kupokea picha ya 1080, lakini ikishaipokea inaipunguza itoshe kioo. Ukiwa na hamu ya kugombana na muuzaji, hiyo ndiyo hoja yako. Ila nikuambie ukweli, inchi 32 za bei hiyo karibu zote ni 768, na mteja aliyekaa mita tatu na bakuli la supu hataona tofauti.

Kinachokuharibia picha ni ule waya wa njano. Unapitisha picha ya zamani, ya mistari 576, nukta kama laki nne na kitu. Kioo chako kina nukta zaidi ya milioni moja. Wewe ni mpishi, utanielewa: una supu ya watu wanne, wamekuja kumi, umeongeza maji. TV inafanya hivyo hivyo, inavuta zile nukta chache zijaze kioo kizima. Chogo lako halikuwa na kazi hiyo, lilitengenezwa kwa mistari hiyohiyo, na kwa udogo wake makosa yalikuwa yanajificha. Pale dukani samaki walikuwa wanatoka kwenye flashi, picha ya HD yenyewe.

Kwa hiyo nunua waya wa HDMI wa mita moja na nusu. Usikubali kuuziwa wa elfu arobaini eti una dhahabu, wa elfu nane unatosha. Zima vyote viwili, chomeka, washa, kwenye rimoti ya TV bonyeza SOURCE uchague HDMI.

Hapo bado, na hapa ndipo wengi wanapokwama wakasema HDMI haisaidii. Fundi wako wa dishi alikiweka king'amuzi kwa ajili ya chogo. Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, sehemu ya video. Utakuta 576i na 4:3, umbo la chogo. Badilisha iwe 16:9, umbo pana la kioo chako, halafu jaribu 720p na 1080i, baki na ile jicho lako linayoipenda. Kupima kama umepatia, angalia mpira. Mpira ukiwa yai, bado. Ukiwa mpira, watangazaji nao watakuwa wamepungua.

Dakika za mchezo kule juu kwenye kona zikikatwa nusu, TV inakuza picha kupita kioo. Tafuta sehemu ya ukubwa wa picha, chagua ile inayoonyesha yote. Nyingine zinaandika Just Scan, nyingine Screen Fit.

Kuhusu kujiwasha kali: iko kwenye hali ya dukani. Irudishe ilivyotoka kiwandani, ikianza kukuuliza maswali usibonyeze OK OK haraka, itakuuliza uko STORE au HOME. Sema HOME, hata kama iko bandani.

Na ujue kwamba chaneli inayorushwa SD, yaani ile picha ya zamani, itabaki SD, hata ubadilishe waya mara ngapi. Pima kwa chaneli iliyoandikwa HD.

BiSaluni

Dada, na mimi nina saluni, niliitundika TV juu kabisa karibu na dari ili watoto wasiiguse. Wateja wakikaa kwenye viti wanaona nyuso nyeusi kama picha za enzi za negativu. Vioo vya bei hizi ukivitazama kutoka chini rangi inakimbia. Nilinunua kishikio kinachoinama, nikailaza mbele kidogo, ikatulia. Wewe pia iweke mbali na jiko, mvuke na mafuta vikiingia kwenye vile vitundu vya nyuma utaipeleka kwa FundiRisasi.

Na usiichomeke moja kwa moja ukutani baada ya yaliyolikuta chogo. Nunua TV guard. Umeme ukirudi inasubiri kwanza utulie ndipo inaruhusu.

KijiweNongwa

Na LUKU je? Banda zima litafanyia kazi TV.

FundiRisasi

Wati 50 kwa saa 12 ni uniti 0.6 kwa siku. Chogo la inchi 21 mara nyingi lilikula zaidi ya hapo. Friji ya soda ndiyo umuulize.

MamaKisamvu

Wakuu nimerudi. Waya nimeupata kwa 7,000 hapa mjini. Mwanangu wa darasa la sita ndiye aliyeingia kwenye mipangilio, mimi nilikuwa nasoma maelezo ya FundiRisasi kwa sauti kama mahubiri. Mara ya kwanza kioo kilikuwa cheusi, nikapiga kelele, kumbe hatukubonyeza SOURCE. Tulipofika 16:9 mtangazaji akakonda mbele ya macho yetu, watoto wakacheka. Nyasi nimeziona zimekatwa kwa mistari, mmoja mweusi mmoja mweupe, nilikuwa sijui kama uwanja hukatwa hivyo.

Duka nimelipigia kuhusu ile 1080p. Muuzaji amesema atanitumia kishikio bure, nikaelewana naye hapo. Nimekitaka kinachoinama, ahsante BiSaluni. Guard tayari iko ukutani. Jana mke wa jirani alipita akasimama dakika kumi mlangoni, sahani moja imerudi.

Swali la mwisho: sauti. Picha nzuri lakini sauti kama ya mtu aliye ndani ya ndoo. Sabufa ninayo, ina nyaya nyekundu na nyeupe, na king'amuzi sasa kiko kwenye HDMI. Nazichomeka wapi?

FundiRisasi

Spika za TV hizi ni ndogo na zinaangalia ukutani, ndiyo maana. Angalia ubavuni mwa TV, kuna tundu duara la spika za masikioni. Nunua waya wenye pini moja ndogo upande mmoja, nyekundu na nyeupe upande wa pili. Ukikosa, zile nyekundu na nyeupe za king'amuzi zipeleke moja kwa moja kwenye sabufa, huwa zinaendelea kutoa sauti hata HDMI ikiwa imechomekwa. Ila hapo sauti utaongezea kwenye king'amuzi au sabufa, rimoti ya TV haitaigusa. Na sauti ya TV yenyewe uizime, isije ikasemwa "goli" mara mbili.